Sura ya Sita: Bia ya Saigon Kando ya Ziwa Kisale

Weka mezani kopo la 333 lililopikwa Vietnam, kisha simamisha kando yake chupa ya Simba iliyopikwa Lubumbashi. Anayezitazama atasema huyu ni mgeni na yule ni mwenyeji. Moja imevuka Bahari ya Hindi nzima. Nyingine imetoka mjini, ikafika Bukama, ikapakiwa kwenye boti na kuteremka na mto Lualaba mpaka Kinkondja. Lakini ukifuata nasaba ya viwanda vyenyewe, unakuta jambo ambalo wanywaji wengi wa Katanga hawajawahi kuambiwa: bia hizi mbili zimeunganishwa na ukoo mmoja wa makampuni, na uzi wa ukoo huo unaanzia Saigon.

Mwaka 1875, Mfaransa aitwaye Victor Larue alianza biashara Saigon, mji ambao siku hizi unaitwa Ho Chi Minh. Wafaransa walikuwa wanautawala mji huo, na joto lake lilikuwa linawatesa. Larue aliwatengenezea barafu, na kando ya barafu akatengeneza bia. Kampuni iliyokua kutokana na kazi yake ilikuja kujulikana kwa herufi tatu, BGI, yaani Viwanda vya Bia na Barafu vya Indochina. Kaskazini, Hanoi, Mfaransa mwingine aitwaye Hommel alifungua kiwanda chake mwaka 1890. Hicho ndicho mzazi wa bia ya Hanoi ya leo.

Kwamba barafu na bia vilikaa ndani ya jina moja la kampuni si ajabu kwa anayejua jinsi laga inavyopikwa. Pombe nyingi za dunia, na pombe zetu zote za asili, huchachuka kwenye joto la kawaida la nyumba. Hamira ya laga haitaki hivyo. Hufanya kazi yake taratibu kwenye baridi ya nyuzi 8 hadi 13 hivi, kisha bia yenyewe hulazwa kwa majuma kadhaa karibu na nyuzi sifuri, mpaka takataka zituame na harufu kali zipotee. Wapishi wa Bavaria walikuwa wakiilaza mapangoni wakati wa baridi. Mmoja wao, Josef Groll, alipoitwa Plzeň mwaka 1842, akapika kule laga ya kwanza yenye rangi ya dhahabu, ambayo karibu kila bia ya chupa ya leo inaiga. Lakini nchi za joto hazina mapango ya baridi. Ilibidi kwanza zije mashine za kutengeneza baridi, zile ambazo Mjerumani Carl von Linde aliziunda miaka ya 1870, na baadaye, mwaka 1883, Emil Hansen wa maabara ya Carlsberg kule Denmark akafanikiwa kutenga hamira safi isiyochanganyika na vijidudu vingine. Bila mambo hayo mawili Saigon isingepata laga, na Lubumbashi pia isingeipata.

Bia ya BGI iliyovuma sana kusini mwa Vietnam iliitwa 33, kutokana na ujazo wa chupa yake, sentilita 33. Wakati wa vita vya Vietnam askari wa Marekani waliinywa kwa wingi na kuondoka na jina lake. Vita vilipokwisha mwaka 1975 na nchi kuungana, serikali ilichukua kiwanda cha Saigon, na bia ikaongezewa namba moja, ikawa 333. Kiwanda hicho sasa kimo ndani ya kampuni ya Sabeco, ambayo inahesabu umri wake tangu mwaka ule wa Larue, 1875. Mwishoni mwa mwaka 2017 sehemu kubwa ya hisa za Sabeco ilinunuliwa na kampuni ya bia ya Thailand kwa karibu dola bilioni 4.8. Watu hawatoi fedha za namna hiyo kwa bia isiyonyweka.

BGI yenyewe haikufa ilipopoteza Vietnam. Ilibadilisha maana ya herufi ya mwisho, badala ya Indochina ikawa neno lenye maana ya "kimataifa", na ikageukia Afrika. Ndiyo sababu bia ya 33 Export, yenye jina la Saigon, inanywewa mpaka leo Kameruni na Gaboni na watu ambao hawana habari kabisa na Saigon. Mwaka 1990 BGI ilinunuliwa na Pierre Castel, mfanyabiashara wa mvinyo kutoka Bordeaux. Ethiopia bado herufi zile tatu zinaonekana waziwazi: kampuni ya BGI ndiyo iliyonunua kiwanda kikongwe cha St. George cha Addis Ababa mwaka 1998. Na hapa kwetu, kundi hilohilo la Castel ndilo lenye Bracongo ya Kinshasa na Brasimba ya Lubumbashi. Brasimba ndiyo inayopika Simba na Tembo, na mizizi ya kiwanda chake inarudi miaka ya 1920, wakati Katanga ilikuwa nchi ya shaba na reli chini ya Wabelgiji. Mshindani wake, Bralima, inayopika bia ya Primus, alizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1923 na kwa miaka mingi alikuwa chini ya Heineken ya Uholanzi.

Kwa hiyo nilipobeba makopo ya 333, zawadi ya rafiki aliyerudi kutoka Ho Chi Minh, na kwenda nayo Kinkondja, sikuwa nafanya mzaha wa kupeleka kitu cha ajabu kijijini. Nilitaka kuikutanisha bia na jamaa yake mahali ambapo pombe inajulikana vizuri.

Kinkondja iko kando ya Ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, nchi ya maji, matete na mafunjo. Mafunjo hushikana yakawa visiwa vinavyoelea, na wavuvi hujenga vibanda juu yake. Reli ya kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na kuanzia hapo Lualaba unapitika kwa vyombo mpaka Kongolo. Samaki wakavu na wa kuokwa kwa moshi wanapanda kuelekea mijini. Chumvi, nguo, sabuni, betri na makreti ya bia yanashuka. Kila kreti inayofika Kinkondja imepakiwa na kupakuliwa mara nyingi, na sehemu ndefu ya safari imepigwa na jua. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu lina uzito katika ladha kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye karatasi ya chupa.

Pwani hiyo ya ziwa ina historia ndefu ya vyombo vya kulia na kunywea. Sanga, palepale kando ya Kisale, wanaakiolojia walifukua makaburi tangu mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo miaka ya 1970 katika maeneo mengine ya bonde. Walichokuta ni vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, vyenye mapambo na midomo ya namna nyingi, pamoja na shaba na chuma, na vingi ni vya karne ya 11 hadi ya 13. Marehemu alizikwa na vyombo vyake. Watu waliofinyanga vyombo vile walijua kwamba kinywaji kinataka chombo chake, na mtu anayedhani kwamba adabu ya mezani ililetwa huku na wazungu angefaa kuviona.

Adabu hiyo imo pia katika masimulizi ya Waluba, wenyeji wa nchi hii, kuhusu asili ya ufalme wao. Nkongolo Mwamba, mtawala wa kwanza, mkatili, alikula na kunywa mbele ya kila mtu. Kisha akaja kutoka mashariki mwindaji Mbidi Kiluwe, ambaye hakukubali kuonekana akila wala akinywa. Mwanawe, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo na kuweka utaratibu mpya, na tangu hapo mfalme wa Waluba alikunywa faraghani. Mwanaanthropolojia wa Ubelgiji, Luc de Heusch, aliandika juu ya masimulizi haya na ya majirani wao kitabu kizima mwaka 1972, na jina la kitabu hicho linamtaja mfalme mlevi. Mimi nachukua jambo moja tu kutoka kwenye masimulizi hayo: Waluba waliuona unywaji kuwa mahali ambapo tabia ya mtu hupimwa. Kuonja ni namna ya kunywa inayofaa mtazamo huo, maana anayeonja anakunywa kidogo na kwa makini.

Tulionja jioni, kwenye baa ndogo ya mama mmoja karibu na gati. Jenereta ilikuwa imezimwa ili kuokoa mafuta, lakini alikuwa na friji dogo la umeme wa jua, na ndani yake chupa zilikuwa baridi ya kutosha, si baridi ya kuumiza meno. Hiyo ni bahati kubwa. Bia iliyo karibu kuganda haina ladha yoyote: ulimi unakufa ganzi, na mtu anasifia ubaridi akidhani anasifia bia. Kiwango kizuri kwa laga ni nyuzi 6 hadi 8 hivi. Niliomba bilauri za kioo, zilizooshwa na kusuuzwa vizuri, kwa sababu mafuta kidogo tu ya samaki kwenye kioo yanaua povu.

Mzee mmoja mvuvi aliketi nasi. Nilimmiminia 333 kwanza.

"Baba, onja polepole, halafu uniambie."

Akanusa, akanywa, akanyamaza, akanywa tena. "Hii iko mwepesi," akasema. "Inapita haraka, haikai mukinywa."

Alikuwa amesema kwa maneno machache kitu ambacho wapishi wa bia wanakieleza kwa kurasa. 333 ilikuwa na rangi ya njano iliyopauka, povu jeupe lililoshuka upesi, na harufu ya nafaka yenye utamu kidogo. Mdomoni ilikuwa nyembamba na safi, uchungu wa hopsi ulionekana mwishoni kabisa na kutoweka. Ina kilevi cha asilimia 5.3, lakini mwili wake haukuonyeshi hivyo, na kwa hiyo anayeinywa kwa kiu na haraka anaweza kujikuta amelewa kabla hajajua. Simba, iliyofuata, ilikuwa na rangi iliyokolea zaidi kidogo, utamu wa kimea uliobaki ulimini, na uchungu ulioanza mapema. Mama mwenye baa akasema anatambua kitu kimoja katika zote mbili, lakini hakuweza kukitaja. Nami nilikitambua: ni ule ukavu wa mwisho, unaomwita mtu anywe tena.

Wepesi wa bia za Vietnam unatokana na mchele. Ili bia ipatikane, wanga wa nafaka lazima kwanza ugeuzwe sukari, kisha hamira iile sukari hiyo na kutoa kilevi na gesi. Shayiri ikiloweshwa na kuachwa ichipue inakuwa kimea, na kimea kina vimeng'enya vya kuugeuza wanga. Mchele uliokobolewa hauna vimeng'enya hivyo. Mpishi huuchemsha peke yake mpaka uwe uji, kisha anauchanganya na kimea cha shayiri ili vimeng'enya vya shayiri vifanye kazi ya wote wawili. Mchele unaleta kilevi bila kuleta rangi, wala protini nyingi, wala ule uzito wa kimea. Matokeo yake ni bia inayong'aa, kavu na nyepesi, inayofaa nchi ya joto. Vietnam, yenye mashamba makubwa ya mpunga katika delta za Mekong na Mto Mwekundu, ina kila sababu ya kupika hivyo. Wapishi wa Kongo nao huchanganya mahindi au mchele na shayiri, kwa sababu kimea kinanunuliwa nje kwa fedha za kigeni.

Na hapa mama mwenye baa aliingilia mazungumzo kwa namna iliyonifurahisha. Aliposikia kwamba uji wa mchele unahitaji kitu kingine cha kuugeuza uwe mtamu, akacheka akasema, "Lakini ile ni munkoyo, mwanangu!"

Alikuwa sahihi kabisa. Munkoyo ni kinywaji cha Katanga na Zambia. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe kidogo, kisha unaweka ndani mizizi iliyopondwa ya mmea wa jamii ya kunde. Baada ya muda mfupi uji huo unakuwa majimaji, na utamu unaingia. Mizizi ile ina vimeng'enya, kazi yake ni ileile ya kimea cha shayiri. Ukinywewa siku hiyohiyo ni kinywaji kitamu hata kwa watoto. Ukiachwa unachachuka na kulewesha. Akina mama waliogundua mizizi hiyo hawakuwa na maabara, lakini walitatua tatizo lilelile ambalo mpishi wa Saigon analitatua kwa shayiri ya kununua. Nasikitika kwamba sijaona kitabu cha bia kinachowapa heshima wanayostahili, na naandika haya hapa ili angalau kimoja kiwape. Serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku Waafrika kunywa pombe kali na kuwawinda waliokeneka lutuku, pombe kali ya kienyeji, huku bia ya kiwandani ikiruhusiwa. Ujuzi wa nyumbani ukaonekana aibu, na bado haujarudishiwa nafasi yake.

Tukala. Aliyeamua mambo jioni ile alikuwa samaki. Kwanza kulikuwa na kambale wa kuokwa kwa moshi, aliyepikwa kwa mawese, na bukari, yaani ugali, pembeni. Mbele ya moshi na mawese 333 ilipotea kabisa. Ilikuwa sawa na kunywa maji. Simba ilijitahidi. Tembo, ile yenye rangi iliyokolea kutokana na kimea kilichokaangwa zaidi, ndiyo iliyosimama na chakula kile, maana ladha yake ya kuungua kidogo ilikutana na moshi wa samaki. Kisha akaja perege mbichi wa kuchoma, chumvi, ndimu na pilipili kali. Hapo mambo yakageuka. Ile laga nyepesi ya Vietnam ilizima pilipili bila kufunika utamu wa samaki, na mzee ambaye mwanzoni aliidharau akasogeza bilauri yake iongezwe. Vietnam wenyewe wanainywa hivyohivyo, na ngisi wa kuchoma, konokono, majani mabichi na pilipili, mara nyingi wakitia bonge la barafu ndani ya bilauri. Kule Hanoi wana pia bia ya pipa, bia hơi, nyepesi sana, inayopikwa na kumalizwa upesi, watu wakiwa wamekaa kwenye vistuli vya plastiki kando ya barabara.

Upesi huo wa bia hơi ndio jambo nililoahidi kulirudia. Laga si mvinyo; haizidi kuwa nzuri kwa kukaa. Tangu siku inapofungwa chupani inaanza kuzeeka, na joto linaharakisha kuzeeka huko. Hewa kidogo iliyonaswa ndani inaungana na viini vya nafaka na kuleta ladha ya karatasi iliyolowa. Jua nalo lina ubaya wake: mwanga ukipenya kioo unavunja viini vya hopsi na kuzaa harufu mbaya ya kicheche, tena kwa dakika chache tu kwenye jua kali. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, na nyeupe haizuii. Kopo halipitishi mwanga kabisa. Sasa fikiria bia inayotoka Vietnam, inakaa ndani ya kontena la chuma juu ya bahari ya joto, inasubiri Dar es Salaam au Durban, inapanda lori kupitia Zambia, inasimama kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, inafika ghala la Lubumbashi, kisha inauzwa kwa bei ya juu kwa sababu ni ya nje. Nimewahi kununua mjini laga ya Asia ya namna hiyo, ya chupa ya kijani, na niliimwaga. Mpishi wake hakuwa na kosa. Ilikuwa imeuawa njiani.

Makopo yangu yalisafiri kwa ndege, ndani ya sanduku, na yalikuwa na miezi michache tu tangu yapikwe. Ndiyo maana yalikuwa na haki ya kupimwa pamoja na Simba. Lile moja nililoliacha makusudi juu ya dirisha lenye jua, ili tulinganishe, lilikuwa limeshapoteza harufu yake ya nafaka na kubaki na utamu mzito usiopendeza. Mzee alilitambua kwa kunusa tu. Chupa ya Simba iliyokaa muda mrefu nje ya duka bila kivuli ilikuwa na ugonjwa wake pia, na hilo nalisema bila upendeleo, maana ndugu hawa wawili wanaugua maradhi yaleyale.

Basi hukumu yangu ni hii. Ukiipata 333 au bia nyingine ya Vietnam ikiwa changa, kwenye kopo, inywe na perege wa kuchoma na pilipili, na utaifurahia. Kwa kambale wa moshi, chukua Tembo. Kwa jioni ya kawaida kando ya ziwa, Simba iliyopikwa karibuni na kutunzwa kivulini inaishinda bia yoyote iliyovuka bahari ikiwa imechoka. Soma tarehe iliyopigwa kwenye chupa au chini ya kopo kabla hujatoa pesa, na muuzaji akikuletea bia iliyotoka juani, mrudishie umwombe nyingine.